Hekalu Lenye Vumbi la Saruji: Mafunzo Niliyopata Bandarini Bujumbura

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya utu uzima nimeitumia katika Bandari ya Bujumbura nikiwa karani wa kuhesabu mizigo. Meli ikifunga gati, shehena inashuka, nami nasimama na daftari: saruji, sukari, mbolea, mahindi, chumvi. Mizigo hiyo inatoka Kigoma, inakoishia reli ya kutoka Dar es Salaam. Inatoka Mpulungu, Zambia, mwisho wa Ziwa Tanganyika kule kusini. Inatoka Kalemie na Kalundu upande wa Kongo. Nahodha Mtanzania, baharia Mkongo, mfanyabiashara Mzambia na mpagazi Mrundi wanaelewana kwa Kiswahili, na gunia likipasuka wanagombana kwa Kiswahili hicho hicho.

Mimi ni Mkatoliki wa kubatizwa utotoni. Kwamba kanisa ni nyumba ya Mungu nilifundishwa kwenye katekisimu. Kwamba mtu naye ni nyumba ya Mungu, hilo pia nilifundishwa, nikalikariri na kulijibu vizuri mbele ya padri siku ya mtihani wa kipaimara. Lakini kwamba mafundisho hayo mawili ni fundisho moja, na kwamba ukilivunja upande mmoja umelivunja na upande wa pili, hilo nimelielewa gatini, kati ya winchi na maghala. Ninayoandika hapa ndiyo niliyoyapata huko.

1. Waraka wa hekalu waliandikiwa watu wa bandari

Korintho ulikuwa mji wenye bandari mbili. Lekayo ilitazama magharibi, njia ya kwenda Italia. Kenkrea ilitazama mashariki, njia ya kwenda Asia. Katikati palikuwa na ukanda mwembamba wa nchi kavu, na Wagiriki wa kale walitandaza hapo barabara ya mawe iitwayo Diolkos, mizigo na hata vyombo vyenyewe vikakokotwa kutoka bahari moja hadi nyingine ili kukwepa safari ya kuizunguka Peloponeso. Mji wa namna hiyo unaishi kwa migongo ya watu.

Mtume Paulo alikaa hapo mwaka mmoja na nusu, akishona mahema pamoja na Akwila na mkewe Prisila. Alipoondoka alipandia meli Kenkrea, na jumuiya ya Wakristo wa bandari hiyo ilikuwa na mhudumu mwanamke, Foibe, ambaye Paulo anamtambulisha kwa heshima kubwa mwishoni mwa waraka wake kwa Warumi. Kisha, akiwa Efeso, mji mwingine wa bandari, akawaandikia wale Wakorintho waraka uitwao wa kwanza na kuwauliza kama hawajui kuwa wao ni hekalu la Mungu na kwamba Roho wake anakaa ndani yao.

Siku hizo Hekalu la Yerusalemu lilikuwa bado limesimama na mawe yake makubwa na dhahabu yake. Warumi hawakulibomoa hadi mwaka 70. Na Korintho kwenyewe mahekalu ya miungu yalikuwa kila upande. Paulo anajua anaongea na nani: sura ya kwanza ya waraka anawakumbusha kwamba wengi wao si wenye hekima ya dunia, si wenye vyeo, si wa koo kubwa. Watu hao ndio aliowapa jina la hekalu.

Jioni moja jumuiya yetu ndogondogo iliisoma sura ya tatu ya waraka huo uani kwa mmoja wetu. Kijana mpagazi aliyekuwa ameshusha saruji tangu alfajiri, nywele bado nyeupe kwa vumbi, akamgeukia katekista. "Mzee, na mgongo huu nao ni hekalu?" Katekista, mtu mzima ambaye ujana wake wote aliutumia kubeba magunia, hakufikiri hata kidogo. "Huo hasa, mwanangu," alisema. Tukaendelea kusoma.

2. Ukuta na mtoto hupakwa mafuta yale yale

Hili ndilo lililonishika kuliko yote, na nashangaa kwamba halifundishwi sana mimbarini.

Mtazame askofu anapotabaruku kanisa jipya. Anaanza na maji: anawanyunyizia watu kwanza, kisha kuta, kisha altare. Baada ya masomo na litania ya watakatifu na sala ndefu ya kutabaruku, anamimina krisma juu ya altare, katikati na kwenye pembe nne, na kuipaka yote. Halafu anazipaka kuta krisma mahali kumi na mbili, au mahali panne, kwenye alama za msalaba. Ubani unachomwa juu ya altare na moshi wake unasambazwa kanisa lote. Altare inavikwa kitambaa cheupe. Mwisho, taa na mishumaa vinawashwa.

Sasa mtazame mtoto siku ya ubatizo wake. Maji. Krisma kwenye utosi. Nguo nyeupe. Mshumaa uliowashwa kutoka mshumaa wa Pasaka.

Mpango ni ule ule, na mafuta ni yale yale, yaliyowekwa wakfu na askofu mara moja kwa mwaka katika Misa ya Krisma ya Juma Kuu na kugawiwa parokia zote. Kutoka chombo kimoja anapakwa mtoto wa mvuvi, kijana wa kipaimara, viganja vya padri mpya na ukuta wa kanisa. Kanisa linatendewa kama mtu anayezaliwa upya, na mtu anatendewa kama nyumba ambayo Mungu anataka kuhamia. Ukiingia katika kanisa lililotabarukiwa, zitafute hizo alama za msalaba kutani, mara nyingi kila moja ina kinara cha mshumaa chini yake. Ukishaziona, jiguse paji la uso. Alama yako iko hapo, ingawa haionekani.

Na ubani je? Kwenye Misa ya sherehe, chetezo kinazungushwa altareni, kinafukizwa kitabu cha Injili, anafukizwa padri, kisha shemasi au mtumishi anakuja mbele na kuwafukiza watu. Tunasimama, anainama, tunainama. Wengi tunaona ni utaratibu tu. Mimi nilikuja kuuelewa msibani.

Mmoja wa wapagazi wetu alifariki kwa homa. Alikuwa mtu asiye na jina kubwa, mwenye viatu vya kuokoteza, aliyezoea kuitwa kwa mluzi. Hakuna msimamizi aliyewahi kumwita "bwana". Jeneza lake liliwekwa mbele ya altare, karibu na mshumaa wa Pasaka. Padri akalizunguka akilinyunyizia maji ya baraka, kisha akachukua chetezo akalizunguka tena na ubani, taratibu, akiinama. Dakika chache kabla alikuwa ameifukiza altare kwa mwendo ule ule. Wenzake walikuwa wamejipanga ukutani na mashati yao ya kazini, maana walitoka gatini moja kwa moja. Mjane wake aliniambia baadaye: "Baba, mume wangu hajawahi kuzungukwa vile." Nikamwambia kwamba Kanisa halikuwa linamfanyia hisani. Lilikuwa linautambua mwili ambao lilishaupaka mafuta siku nyingi.

3. Paulo aliwasema wanunuzi

Maneno ya sura ya sita ya waraka huo huo, kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, nimeyasikia yakitumika sana kuwapiga mabinti. Jioni, upande wa malango na vibanda vya pombe, huwa kuna wasichana wanaosubiri mabaharia na madereva wa malori. Mtu anapita, anatema mate, anasema: mwili ni hekalu, hawa wamelinajisi.

Ninawaomba wenzangu waisome sura yenyewe kuanzia mstari wa kumi na mbili. Paulo anaongea na wanaume wanaomwendea kahaba. Wao ndio anaowauliza watafanyaje viungo vya Kristo kuwa viungo vya kahaba. Wao ndio anaowaamuru wakimbie uasherati. Wao ndio anaowakumbusha kwamba walinunuliwa kwa thamani na hawajimiliki tena. Katika mji wa bandari, ambamo mwanamume mwenye fedha mfukoni na usiku mmoja wa kulala nchi kavu alikuwa kitu cha kawaida, mtume alimkazia macho mwenye fedha.

Kwa hiyo ninapomwona msichana yule langoni namsalimu kama binti yangu, kwa sababu ndivyo alivyo. Wengi wao wamebatizwa, krisma iko utosini mwao. Baharia ninayefanya naye kazi na ambaye ni Mkatoliki mwenzangu, huyo ndiye ninayezungumza naye.

4. Kamba iliyosokotwa kuwa mjeledi

Hekaluni Yerusalemu wavunja fedha walikuwa wanatoa huduma iliyohitajika. Kodi ya hekalu ililipwa kwa sarafu za Tiro, na mahujaji walikuja na fedha za kila nchi. Nalifahamu hilo bila kufafanuliwa: hapa kwetu ndani ya saa moja nimewahi kuona faranga za Burundi, faranga za Kongo, shilingi, kwacha na dola zikibadilishana mikono juu ya ndoo iliyopinduliwa. Biashara si dhambi. Bandari ni biashara tupu, na wanaoifanya kwa haki nawaheshimu.

Katika Injili ya Yohane, Yesu anasokota mjeledi wa kamba na kuwafukuza hekaluni, na anapoulizwa ishara anasema habari ya kulibomoa hekalu na kulisimamisha kwa siku tatu, nao wanamjibu kwamba limejengwa miaka arobaini na sita. Mwinjili anaongeza kwamba yeye alikuwa akilisema hekalu la mwili wake. Tangu hapo kila mwili umeingia katika hesabu. Basi swali langu gatini limekuwa moja: biashara hii inalipa hekalu lipi, na inalivunja lipi?

Mpagazi analipwa kwa mzigo. Mfuko wa saruji una kilo 50, na anaupanda nao ubao ulioinama, mara nyingi bila glavu wala barakoa, vumbi likimwingia kifuani. Jioni akienda kuchukua malipo, nimeona akikatwa mifuko kadhaa kwa maelezo kwamba ilichanika, wakati hesabu yangu inaonyesha hakuna iliyochanika. Nimeona mtu huyo huyo aliyekata akiwa mchangiaji mkubwa wa vigae vya kanisa. Mtakatifu Yohane Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli aliyefariki mwaka 407, aliwahubiria matajiri wa wakati wake wasimheshimu Kristo kwa hariri ndani ya kanisa huku wakimwacha nje akifa kwa baridi na uchi. Mimi ni karani, sina mimbari. Nilichoweza ni kukataa kusaini karatasi ya makato isiyolingana na hesabu yangu, na kumwambia anayehusika uso kwa uso kwamba vigae vile vimelipiwa na kifua cha mtu.

Paulo anasema katika ile sura ya tatu kwamba anayeliharibu hekalu la Mungu, Mungu atamharibu yeye. Ni kauli kali kuliko zote katika sura ile. Sijawahi kusikia ikisomwa kwa ajili ya makato ya mpagazi, na ningependa siku moja nisikie.

5. Milango ilipobanwa

Wazazi wetu waliishi enzi ya Rais Jean-Baptiste Bagaza, aliyetawala kuanzia 1976 hadi alipopinduliwa Septemba 1987. Serikali yake iligombana na Kanisa vibaya: wamisionari wengi walifukuzwa nchini, ibada za katikati ya juma zikabanwa, na madarasa ya katekisimu ya Yaga Mukama, yaliyokuwa yakiwafundisha wanakijiji kusoma na kuandika, yakafungwa.

Mama yangu alikuwa akisimulia jinsi walivyosali rozari jikoni kwa sauti ya chini, moto ukiwa umewashwa ili jirani adhani wanapika. Nilimwuliza kama hawakuona wamepokonywa kanisa. Alinitazama kana kwamba sikuuliza swali la maana. "Walifunga mlango wa matofali," alisema.

6. Kile kilichosimama Buta na kile kilichoanguka Nyamata

Nchi yetu haiwezi kuzungumzia mwili wa mtu kuwa patakatifu bila kuitaja seminari ndogo ya Buta, katika jimbo Katoliki la Bururi, kwenye milima ya kusini.

Alfajiri ya 30 Aprili 1997, wakati wa vita, watu wenye silaha waliivamia seminari hiyo. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana wakakataa. Waliamriwa tena, wakakataa, wakabaki pamoja. Waliuawa arobaini. Wamezikwa pale pale, na kila mwaka tarehe hiyo watu wanapanda kwenda kusali kwenye makaburi yao. Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenye heri, pamoja na wengine kama padri na mshairi Michel Kayoya, aliyeuawa 1972.

Naifikiria saa ile mara nyingi. Hawakuwa wanalinda tabernakulo wala altare. Walikuwa bwenini, wengine wametoka tu kitandani. Walicholinda ni umoja wao, na Paulo anapotumia neno hekalu katika sura ya tatu anawaambia wengi kwa pamoja: ninyi, nyote, jengo moja. Vijana wa Buta waliambiwa wavunje jengo hilo kwa hatua chache tu za miguu, kusogea kulia au kushoto. Hawakusogea.

Ng'ambo ya mpaka, miaka mitatu kabla, yalitokea ya Nyamata na Ntarama, Rwanda. Aprili 1994 maelfu ya Watutsi walikimbilia makanisani wakiamini kwamba kuta zilizopakwa krisma hazitaguswa. Ziliguswa. Leo kanisa la Nyamata ni ukumbusho wa mauaji ya kimbari, na tangu 2023 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Juu ya mabenchi yake zimewekwa nguo za waliouawa. Na katika waliowaua walikuwamo watu waliobatizwa, waliopakwa mafuta yale yale, baadhi yao waumini wa parokia ile ile.

Watu huniuliza: mbona Mungu hakuilinda nyumba yake? Jibu kamili sina. Lakini najua kwamba nyumba yake ilikuwa imeshavunjwa kabla ya mlango kuvunjwa. Ilivunjwa siku mtu alipoanza kumwita jirani yake mdudu, na waliosikia wakaendelea kwenda kupokea Ekaristi kana kwamba hakuna jambo lililotokea kanisani.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1211, inasema mahali patakatifu hunajisiwa kwa matendo mazito yanayoleta madhara na kashfa, na ibada haziruhusiwi pale mpaka unajisi huo urekebishwe kwa ibada ya toba. Nimeisoma kanuni hiyo nikitafakari watu. Aliyeuawa hakunajisiwa; mwili wake ulibaki mtakatifu mpaka mwisho, na ndiyo maana tunapiga magoti kwenye makaburi ya Buta. Aliyeua ndiye jengo lililonajisika, na kwake pia toba imewekwa. Hapa bandarini wapo waliokuwa upande huu na waliokuwa upande ule wa vita vyetu, na leo wanashika ncha mbili za mzigo mmoja. Sijui mtu mwingine anayeweza kuifundisha kanuni ya 1211 vizuri kuliko wao wenyewe.

Na Buta si peke yake. Barabara ya kusini, ile inayopita kando ya ziwa kwenda Rumonge, inapita Minago, alikopigwa risasi balozi wa Baba Mtakatifu, Askofu Mkuu Michael Courtney, tarehe 29 Desemba 2003. Na Rumonge penyewe ndipo mapadri wa kwanza wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walipofika 1879 na kuuawa Mei 1881. Imani ilifika nchini kwetu kwa njia ya ziwa, na miili ilitangulia majengo.

7. Maji ya mlangoni

Wapagazi wengi ni Waislamu wa mtaa wa Buyenzi. Adhuhuri ikifika, mwenzangu anashusha gunia, anachukua kopo la maji, anatawadha mikono, mdomo, uso, miguu, kwa utulivu, vumbi likimtiririka kuwa tope. Nilipomtazama ndipo nilipoanza kuchovya vidole kwenye maji ya baraka pale mlangoni mwa kanisa kwa kukusudia, nikikumbuka ubatizo wangu.

8. Ziwa lilipopanda

Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, ukiwamo Rusizi unaotoka Ziwa Kivu, lakini maji yake yanatoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, karibu na Kalemie. Mvua zikizidi, maji hayana haraka ya kuondoka. Miaka hii ya karibuni tumeyaona yakipanda. Gatumba, kati ya Rusizi na mpaka wa Kongo, imefunikwa mara kwa mara tangu 2020. Mwaka 2024 maji yaliingia mitaa ya Kibenga na Kinindo, na huku bandarini tulitembea ndani yake. Familia zilizopoteza nyumba zilihamia kambini, kwenye mahema, na wengine kwa ndugu.

Kila tarehe 9 Novemba Kanisa linaadhimisha kutabarukiwa kwa Basilika la Laterano mjini Roma, kanisa kuu la Papa mwenyewe, lililotabarukiwa mwaka 324 kwa mujibu wa mapokeo. Mwaka 2025 tarehe hiyo iliangukia Jumapili, kwa hiyo masomo yake yalisikika katika kila parokia. La kwanza linatoka Ezekieli 47: maji yanabubujika chini ya kizingiti cha hekalu, yanaelekea mashariki, yanashuka hadi baharini kwenye maji mabovu na kuyaponya, na kando ya mto inaota miti ambayo majani yake ni dawa. Mistari ambayo haisomwi Misani nimeisoma mwenyewe. Kuna mtu mwenye kamba ya kupimia. Anapima dhiraa elfu, maji yanafika kwenye vifundo vya miguu. Anapima tena, magoti. Anapima tena, kiuno. Mara ya nne ni mto usiovukika kwa miguu. Kuna wavuvi wanaotanda nyavu ukingoni. Na kuna vinamasi ambavyo havitaponywa, vitaachwa viwe vya chumvi.

Mbele yangu kanisani siku hiyo aliketi mama mmoja wa Gatumba na watoto wake. Maji kwake yalikuwa yamekwenda kinyume na maono: hayakutoka hekaluni kwenda ziwani, yalitoka ziwani yakambomolea nyumba. Nilijiuliza anasikiaje somo lile. Baada ya Misa nikamwuliza, maana tunafahamiana. "Kaka yangu," alisema, "nimesikia kwamba maji ya hekalu yanatoka nje. Sasa nangoja kuona yakitoka."

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa ameelewa andiko kuliko mimi. Kila kitu kitakatifu katika maono yale kinatoka mlangoni na kushuka kwenda mahali pabaya zaidi. Kikibaki ndani, hakimponyi mtu. Na kama sisi ndio hekalu, basi maji yale hayana mlango mwingine wa kutokea ila mikono yetu.

Nilipeleka maneno yake kwenye jumuiya wiki hiyo. Wapagazi wakaanza kuongea wote kwa pamoja: mmoja anajua ghala lenye mabati yasiyotumika, mwingine ana shemeji mwenye kiwanja kidogo mlimani, mwingine akasema yeye hana kitu ila mgongo, na mgongo utatosha kupandisha mabati. Katekista akaenda kwa padri kuomba sadaka ya Jumapili iliyofuata iende kwenye misumari na mbao. Padri alikubali, na akasema ukarabati wa dari la sakristia utasubiri.